Fundi, Vua Sweta

Nina ugomvi na mafundi wetu wa kompyuta, na leo nautoa hadharani. Ni ugomvi wa sweta.

Julai 2016 nilipeleka kompyuta yangu kwa fundi mmoja mjini Dodoma aniongezee memori. Anayeujua mji ule anakijua kiangazi chake: hewa kavu, midomo kupasuka, na usiku ukivua sweta gizani utaona cheche. Fundi yule alikuwa amevaa sweta la akriliki, na kiti chake kilikuwa juu ya zulia la nailoni. Aliitoa memori katika mfuko wake wa rangi ya fedha, akaishika palepale penye miguu yake ya dhahabu, akawa anaizungusha mkononi huku akinisimulia habari za mpira, kisha akaipachika. Mashine ikawaka. Nikalipa, nikashukuru.

Baada ya wiki 3 ikaanza kuzimika ovyo. Daftari la chama chetu cha kufa na kuzikana, lenye michango ya watu 64 niliyokabidhiwa kuitunza, likafunguka limejaa alama zisizosomeka. Fundi akasema ni umeme wa nyumbani kwangu. Nikalipa mara ya pili, nikabadilishiwa memori. Kule chamani nilitazamwa kwa jicho ambalo sijalisahau mpaka leo.

Siwezi kuapa kuwa ni lile sweta. Na huo ndio ubaya wa umemetuli: hauachi alama. Mtu huanza kuusikia mwilini ukifika kama volti 3,000. Chipu nyingine huumizwa na volti zisizofika 100. Wala si lazima ife papo hapo. Huweza kujeruhika tu, ikaendelea na kazi kwa siku au miezi, ndipo ikaanza kudanganya. Basi fundi anayejigamba kuwa miaka 10 hajaua chipu hata moja, nami namuuliza: umejuaje?

Wengine hunijibu kwamba haya ni mambo ya Ulaya, sisi wa nchi za joto hayatuhusu. Kweli, Dar es Salaam unyevu husaidia. Kutembea juu ya zulia penye hewa kavu huweza kumjaza mtu hata volti 35,000. Penye unyevu mwingi huenda zisizidi 1,500. Lakini 1,500 huzisikii, na kwa chipu ni nyingi mno. Mtu wa pwani anaharibu bila hata kushtuka! Wanaosema vipuri vya siku hizi vina kinga ndani yake hawakukosea kabisa. Ila kinga hiyo hupunguza hatari, haiiondoi.

Na dawa yenyewe haihitaji mtaji. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe, gusa chuma kitupu cha kasha kabla hujashika kitu, na urudie kila unaponyanyuka kitini. Kadi ishike kingoni. Mwenye uwezo anunue bangili ya kazi hii, ile yenye waya wa kubana kwenye chuma. Ndani yake mna ukinzani wa omu milioni 1 wa kumlinda mvaaji akigusa umeme kwa bahati mbaya. Waya mtupu uliozungushwa mkononi si bangili, ni kitanzi.

Siku hizi nikipeleka mashine nasimama pale mezani nikitazama mikono. Kijana mmoja aliniambia nina wasiwasi wa kizee. Sawa, ninao. Avue sweta.