Mabusu ya langoni
Mapinduzi ya Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, yalianza kwa mabusu. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 15, kinamwonyesha akidamka alfajiri, akisimama kando ya njia ya lango la mji, akiwabusu waliomjia na kumwambia kila mwenye shauri kwamba haki ni yake, ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Upande wa pili hata hajausikia! Kisha akamuaga baba yake, eti anakwenda Hebroni kutimiza nadhiri. Watu 200 wakafuatana naye bila kujua lolote kuhusu njama yake. Anayekupa ushindi kabla hajamsikia mwenzako anautaka ukubwa, na wewe ni ngazi yake. Msema kweli, mpenzi wa Mungu, huuliza kwanza: mwenzako anasemaje?