Neno la Bwana Shamba: Mtoto akikojoa damu, mwulize



Mwezi huu naacha mahindi na maharage. Nataka tuzungumze habari ya mkojo. Usicheke. Najua utasema, "Bwana Shamba ameingiaje katika kazi ya mganga?" Nimeingia kwa njia ya mfereji. Penye mfereji wa kumwagilia, penye jaruba la mpunga, penye bwawa la kunyweshea ng'ombe, panaweza kuwa na kichocho. Na mifereji ni kazi yangu.

Hapa Maji ya Chai tumezoea shida ya maji ya kunywa. Maji yetu yana madini ya floraidi mengi mno. Madini hayo hayana rangi wala harufu. Lakini mtoto akiyanywa tangu udogo, meno yake huwa ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa. Ndiyo maana pale Ngurdoto kulijengwa kituo cha utafiti cha kupunguza floraidi. Wao hutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji. Habari hiyo tunaijua.

Kwa sababu tunaijua, mtu anaweza kuona mkojo wa mtoto una rangi ya chai ya rangi, akasema, "Ni haya maji yetu tu." Asiseme hivyo. Rangi ile inaweza kuwa damu, na damu katika mkojo ina sababu yake. Floraidi huingia kwa mdomo. Kichocho huingia kwa ngozi. Unaweza kunywa maji yaliyochemshwa siku zote, ukapata kichocho kwa kuvuka maji machafu mara moja.

Kichocho huletwa na minyoo midogo sana. Kuna kichocho cha tumbo na kuna kichocho cha mkojo. Leo nasema juu ya kile cha mkojo. Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Daktari mmoja Mjerumani, Theodor Bilharz, aliiona mwaka 1851 huko Kairo, Misri, alipokuwa akipasua maiti. Mnyoo wa kike hutaga mayai kila siku. Mayai yana mwiba mdogo. Hupasua ukuta wa kibofu ili yatoke, na damu hutoka pamoja nayo.

Mtoto akikojoa majini, mayai huanguliwa humo. Vidudu vinavyotoka hutafuta konokono wa majini, huingia ndani yake na kuzaana. Baada ya wiki kadhaa hutoka tena kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, wakati ule ule watoto wanapoogelea. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Hakuna kidonda. Labda utawashwa kidogo, basi.

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, au yaendayo polepole, yenye majani. Kijito chenye kasi kinachoteremka kutoka Mlima Meru hakiwafai sana. Lakini vijana wetu huteremka tambarare kufanya vibarua vya mpunga. Watoto nao huenda kwa bibi wakati wa likizo. Huko huogelea, kisha hurudi nyumbani. Kichocho hupanda basi pamoja nao.

WATOTO WA KILOSA WALIULIZWA

Sasa sikiliza jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walitaka kujua ni vijiji gani vya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, vina kichocho kingi. Wilaya ile ni kubwa. Kumpeleka mpimaji na chombo cha kukuzia vidudu katika kila shule kungekula fedha nyingi na miezi mingi.

Basi wakafanya hivi. Waliandika maswali mepesi kwa Kiswahili, wakayapeleka shuleni. Walimu wenyewe waliwauliza watoto. Je, umeumwa kichwa? Je, umekohoa? Je, umepata kichocho? Swali la kichocho lilichanganywa katikati ya maswali mengine, ili mtoto asijue wanatafuta nini. Halafu katika shule zilizoonekana kuwa na shida, walimu walipewa vijiti vya kuchovya katika mkojo. Kijiti kikibadilika rangi, mkojo una damu.

Walipolinganisha majibu ya watoto na vipimo vya wataalamu, yalikubaliana vizuri. Shule ambako watoto wengi walisema wana kichocho, kweli kilikuwako kwa wingi. Na gharama ilikuwa ndogo sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na njia ile ikajaribiwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika.

Unaona? Mtoto alijua. Hakuna aliyekuwa amemwuliza tu. Hata nyumbani kwako ni hivyo. Mtoto wa miaka tisa hatakuja kukuambia kwamba mwisho wa mkojo wake hutoka matone ya damu. Anaona aibu, au anaona ni jambo la kawaida kwa sababu wenzake wote wako hivyo. Kuna mahali watu huamini kwamba mvulana akikojoa damu, ndiyo anakuwa mwanamume. Huo si utu uzima. Ni ugonjwa. Ukiachwa kwa miaka mingi hukaza kibofu, huziba njia ya mkojo na kuharibu figo. Wengine huja kupata saratani ya kibofu ukubwani.

Mwulize basi. Usimwulize kwa ukali, wala mbele ya wageni. Mwulize kama unavyomwuliza habari ya homa.

KWA WASICHANA NA AKINA MAMA

Kwa msichana swali hili ni gumu zaidi. Akiona damu, atadhani ni hedhi. Mama yake naye atadhani hivyo. Wote wawili watanyamaza, na msichana ataolewa na kichocho chake.

Minyoo haitagi mayai katika kibofu peke yake. Mayai mengine hupotea njia, yakakwama katika uke na katika mlango wa mji wa mimba. Hapo huleta vidonda vidogo na mabaka yanayofanana na chembe za mchanga. Mwanamke huona uchafu ukitoka. Huumwa chini ya kitovu. Huumia na kutoka damu akilala na mumewe. Wengine hawashiki mimba, au mimba hutunga nje ya mahali pake.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kitanzania na wa Kijerumani waliwachunguza wanawake wa vijijini katika Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro. Mwanga si mbali. Ukipanda basi hapa barabarani, unapita Moshi, na unafika siku hiyo hiyo. Waliwakuta wanawake wengi wenye mabaka yale. Tena walikuta jambo la kutisha kidogo. Baadhi ya wanawake hao mkojo wao haukuwa na yai hata moja. Mkojo ulikuwa safi, lakini ndani walikuwa wameumia. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2000. Kwa hiyo mama akipimwa mkojo na kuambiwa "huna kitu," huenda bado ana kichocho cha uzazi.

Hapa ndipo nyumba huvunjika. Mama anakwenda zahanati, anaeleza dalili zake. Anapewa dawa ya ugonjwa wa zinaa, kwa kuwa dalili zinafanana. Anaambiwa amlete mumewe. Mume anawaka. "Umeutoa wapi ugonjwa huu?" Mke naye anajibu, "Wewe ndiye umeniletea." Dawa inakwisha, ugonjwa uko pale pale. Sasa kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ni mwongo. Na kama hakuna mtoto, ndugu wa mume huanza kusema maneno.

Kichocho hakiambukizwi kwa kulala pamoja. Kinatoka majini. Mama huyu huenda alikipata akiwa na miaka minane, akifua nguo za wadogo zake mtoni. Hata mwanamume anaweza kuona damu katika shahawa zake kwa sababu hii hii. Lakini angalia: kichocho hakizuii magonjwa ya zinaa, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Tena baadhi ya utafiti umeonyesha kwamba mwanamke mwenye vidonda vya kichocho ukeni huenda akaambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ni vizuri kupimwa yote.

DAWA

Wazee wa Tanga wanaweza kukusimulia. Katika miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilikuwa na kituo huko Tanga cha kujaribu dawa za kichocho cha mkojo. Dawa za siku zile zilikuwa kali. Nyingine zilikuwa na madini ya antimoni, zikichomwa kwa sindano, tena mara nyingi. Wagonjwa walitapika, na dawa hizo ziliweza kudhuru moyo. Utafiti wa namna ile ulionyesha ipi inafaa kidogo na ipi inaumiza zaidi.

Katika miaka ya 1970 ilitoka Ujerumani dawa nyingine, jina lake prazikwanteli. Ni vidonge. Mara nyingi humezwa siku moja tu, basi. Ndivyo vidonge ambavyo watoto hupewa shuleni, wakipimwa kwanza kwa fimbo ya urefu ili kujua wameze vingapi. Mtoto ale kabla ya kumeza. Asipokula, tumbo litamsumbua na utasikia watu wakisema dawa ni mbaya.

Dawa hii ina upungufu wake. Huua minyoo mikubwa, lakini michanga hupona. Wala haikukingi usiambukizwe tena. Ukirudi majini kesho, unaanza upya. Tena ni chungu mno na vidonge ni vikubwa, hivyo watoto wadogo walikuwa wakiachwa. Kwa ajili yao imetengenezwa dawa nyingine, ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Majaribio yake makubwa yalifanyika Kenya na Kodivaa, na Desemba 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliikubali.

Wengine wanauliza, je, mama mjamzito ameze? Tangu mwaka 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema aweza kupewa, baada ya miezi mitatu ya kwanza. Anayenyonyesha pia. Lakini amwambie mganga hali yake kabla ya kumeza.

Nataka niseme neno moja kuhusu watafiti. Wakija kijijini kwako kupima watoto au kujaribu dawa, ni lazima wakueleze wanafanya nini, na faida na hatari zake. Watakupa karatasi utie sahihi. Zamani ungetia dole gumba tu. Sasa unajua kusoma. Soma karatasi yote, polepole, hata kama yule kijana wa mjini anatazama saa yake. Neno usilolijua, mwulize. Una haki ya kukataa, na ukikataa hawana ruhusa ya kukunyima matibabu yako ya kawaida.

MIFEREJI YETU

Huko Unguja na Pemba, kuanzia mwaka 2011 hadi 2017, walifanya jaribio kubwa. Shehia zote zilipewa vidonge. Baadhi ziliongezewa dawa ya kuua konokono majini. Nyingine ziliongezewa mafunzo kwa watoto na walimu. Kichocho kilipungua sana, lakini hakikuisha kabisa. Wala haikuonekana wazi kwamba kundi moja lilishinda mengine. Mimi naona vidonge peke yake havitoshi, na bwana shamba ana lake la kufanya.

Tunapochimba mfereji, huwa tunafikiri mpunga tu. Tufikiri na konokono. Mfereji uwe na mteremko wa kutosha ili maji yasilale. Majani yafyekwe kingoni na ndani. Kama mpunga unaruhusu, maji yafungwe siku kadhaa mfereji ukauke. Kila kikundi cha wamwagiliaji kichimbe choo karibu na mashamba, si kijijini tu. Mtu aliyeinama kupalilia tangu alfajiri hatatembea kilomita mbili kwenda kukojoa. Atakojoa hapo hapo, na sote tunajua. Wenye viatu vya mpira wavae, ingawa katika tope la mpunga ni kazi.

Maji ya kuogea watoto yateke, uyaweke kwa siku mbili bila konokono ndani. Vidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Au yachemshe.

Ukienda zahanati, mpeleke mtoto asubuhi ya saa nne hadi saa nane mchana. Wakati huo mayai hutoka kwa wingi katika mkojo, na mpimaji huyaona kwa urahisi. Na wewe mama mwenye dalili nilizotaja, usiseme tu "naumwa tumbo." Mwambie mganga hivi: "Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiogelea mtoni mahali fulani," au, "Nimelima mpunga kwa miaka kadhaa. Nilipata kukojoa damu. Naomba uangalie kama ni kichocho." Kama unaona haya kusema, yaandike maneno hayo kwenye karatasi, umpe asome.