Moto wa kupikia Goma: mradi ukiisha, nani ataendelea?

Hapa Goma familia nyingi zinanunua moto wa kupikia kila siku, sashe moja ya makala asubuhi na nyingine jioni. Mwenye kununua mfuko mzima anapata bei nzuri, lakini familia ya wahami iliyopokelewa kwenye chumba kimoja itatoa wapi franka za mfuko? Ndiyo inayolipa ghali kuliko wote. Na makala mengi yanatoka Mbuga ya Virunga, ambako vikundi vya silaha vimekuwa vikitoza kodi juu yake.

Asiye na franka anatafuta kuni mwenyewe. Wakati kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilipokuwa zimejaa, wanawake wengi walibakwa wakiwa njiani kutafuta kuni. Basi hii si habari ya miti tu.

Jibu linaloletwa kila mara ni mradi. Mbabula zilizoboreshwa zinagawiwa bure, picha zinapigwa, wageni wanarudi kwao. Udongo wa ndani ukipasuka, hakuna wa kuutengeneza, maana fundi wa mtaa aliyekuwa akiuza mbabula zake alikosa wanunuzi tangu siku ya mgawo. Nani anaweza kushindana na bure? Makala ya takataka na unga wa mbao nayo yana shida ileile: bei inawekwa bila kuhesabu siku mashine itakapoharibika.

Umeme wa maji unaonyesha njia iliyo bora. Kiwanda cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilianza 2015 na kina nguvu ya megawati 13 hivi. Wafadhili walitoa fedha za kujenga, lakini mteja ndiye analipia matumizi, kidogo kidogo, kabla ya kutumia, karibu sawa na anavyonunua sashe ya makala. Mashine za kusaga na viwanda vidogo vinatumia umeme mwingi mchana. Jiko la nyumbani linauhitaji jioni. Wateja wakubwa wakisaidia kubeba gharama za nyaya, maskini anaweza kupata bei inayowezekana. Ni kweli, maharagi yanataka saa nyingi juu ya moto, na mama hataacha mbabula kwa sababu ya chai peke yake. Bei ipimwe kwa sufuria ya maharagi.

Kisha ikaja Januari 2025. Mapigano yaliharibu njia ya umeme, na Goma ikakaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba. Makala yakarudi hata kwa waliokuwa wameyaacha. Mpango wowote wa biashara ya nishati Kivu ambao hauhesabu vita kama gharama ya kawaida, sawa na mshahara wa mafundi, ni mpango wa karatasi. Sehemu ya kila franka inayolipwa inapaswa kuwekwa akiba ya ukarabati, na wanaolipa waambiwe ni kiasi gani.

Jambo hilo si ndoto. Huko Denmark, nchi ya baridi kali, zaidi ya nusu ya nyumba zinapashwa joto na maji ya moto yanayopita katika mabomba ya pamoja, na mengi yanachemshwa kwa majani makavu ya ngano, vipande vya mbao, takataka au jua. Mitandao mingi ni mali ya wateja wenyewe, ambao wanachagua kamati na kusoma hesabu zake. Sheria inataka bei ifunike gharama, si kutafuta faida. Denmark haina vita, na ina serikali za mitaa zinazodhamini mikopo. Lakini kusoma hesabu hakuhitaji utajiri.

Kwa Goma, pa kuanzia ni kwenye kiwanja chenye kontere moja na wapangaji sita. Mwenye nyumba ananunua umeme, kisha anawauzia wapangaji kwa bei anayotaka, na wahami hawathubutu kuuliza. Kontere ndogo kwa kila chumba, inayolipwa kwa awamu pamoja na umeme wenyewe, ingewafaa kuliko mbabula nyingine ya bure.