Dhoruba Ikija, Hesabu za Duka Ziko Wapi?



Mwezi huu tuzungumze juu ya kompyuta ya duka na dhoruba. Usiseme, "Mimi sina kompyuta." Simu yako ya kupangusa ni kompyuta ndogo. Kama unaitumia kuandika madeni, au kama wewe ni wakala wa kutuma na kupokea pesa, maneno haya ni yako pia.

Nchi za Ulaya na Marekani wafanyabiashara huogopa majira ya baridi. Theluji huangusha nyaya za umeme na kompyuta huzimika. Hapa Mafia hatuna theluji. Tuna upepo, mvua ya masika na maji ya chumvi.

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani kwetu. Wazee wengi walishangaa, kwa sababu vimbunga havifiki mara nyingi pwani ya Tanzania. Lakini vimewahi kufika. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Basi jambo hili si geni. Ni la nadra tu, na jambo la nadra huwakuta watu hawajajiandaa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana duka Kilindoni. Anauza unga, sukari, mafuta ya taa na nyavu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, wavuvi hawapati samaki wengi. Huchukua vitu kwa mkopo. Mama huandika kila deni katika kompyuta. Watu 60 wanadaiwa. Usiku mmoja upepo unang'oa bati, na mvua inaingia dukani. Asubuhi kompyuta haiwaki.

Je, mama huyu amepoteza nini? Wengi watajibu, "Amepoteza kompyuta." Sivyo. Kompyuta atanunua nyingine, hata iliyotumika. Lakini nani atamkumbusha nani anadaiwa kilo 5 za unga na nani anadaiwa kilo 15? Mwaminifu atakuja mwenyewe. Mwingine atasahau. Mwingine atabishana, na ujirani utaharibika. Mali yake kubwa ilikuwa yale maandishi.

Kwa hiyo maandishi yasikae mahali pamoja tu. Yawe na nakala. Nunua flashi, kile kijiti kidogo cha kuhifadhia kazi za kompyuta. Kila Ijumaa kabla ya kufunga duka, nakili hesabu zako humo. Flashi isibaki dukani! Watu wengi huiacha imechomekwa palepale kwenye kompyuta. Hapo maji yakiingia, yataharibu vyote viwili. Ipeleke nyumbani. Flashi ya pili mpe ndugu unayemwamini katika kijiji kingine, tuseme Kirongwe au Utende, na uibadilishe kila mwezi.

Nakala nyingine itume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Hiyo itakaa mbali kabisa na Mafia, na unaweza kuifungua kwa simu yoyote. Lakini usitegemee hiyo peke yake. Tarehe 12 Mei 2024, siku nane tu baada ya Hidaya, nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari zilikatika. Hidaya haikuhusika. Hata hivyo, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Siku kama hiyo flashi ya Kirongwe inakufaa kuliko barua pepe.

Kisha ijaribu nakala. Ifungue katika kompyuta nyingine. Usingoje mpaka siku ya shida kujua kwamba flashi ni tupu.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza redioni kabla upepo haujafika. Sikiliza neno linalotumika. Angalizo ni rangi ya njano. Tahadhari ni rangi ya machungwa. Tahadhari kubwa ni nyekundu. Ukisikia angalizo, nakili hesabu siku hiyohiyo. Chapisha orodha ya madeni kwenye karatasi. Kama huna mashine ya kuchapia, andika kwa mkono katika daftari, kisha lipige picha. Chaji simu zote na betri za akiba. Weka pia fedha taslimu kidogo, kwa sababu mtandao ukikatika, wakala hawezi kukupa pesa, na bahari ikichafuka, vyombo vya Nyamisati havivuki.

Ukisikia tahadhari, zima kompyuta na uchomoe nyaya zote ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Radi hupita kwenye nyaya, na umeme ukirudi baada ya kukatika huweza kuja na nguvu nyingi ukaunguza mashine. Funga kompyuta katika mifuko miwili ya plastiki, kaza mdomo wa mfuko. Kama ni ya kukunja, itie ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mimi naiamini ndoo ya plastiki kuliko kabati la mbao. Isiwe sakafuni, maana maji hutoka chini. Isiwe juu ya dari, maana bati huondoka. Iwe juu ya meza imara, chumba cha ndani, mbali na dirisha. Kama nyumba yenyewe ni mbovu, iache na uende mahali salama. Chukua flashi tu.

Dhoruba ikipita, usikimbilie kuwasha. Ngoja umeme utulie. Kama mashine imelowa, usiiwashe kabisa, hata kujaribu. Toa betri kama inatoka. Usiianike kwenye jua kali wala karibu na jiko. Maji ya chumvi hula vyuma vya ndani hata baada ya kukauka, kwa hiyo mpelekee fundi mapema, na mwambie kama ni maji ya mvua au ya bahari. Wakati fundi anafanya kazi yake, wewe fungua duka. Uza kwa daftari na kalamu. Siku kompyuta itakapopona, utaingiza yale ya daftarini, tarehe kwa tarehe.