Nani Kawaambia Dhamana Ina Bei?

Simu ikipigwa Ijumaa jioni kwamba kijana wa nyumbani kashikwa, familia nyingi za Kitanzania huuliza swali moja kabla ya mengine yote: zinatakiwa shilingi ngapi? Si kosa gani, si kituo gani, si mpelelezi nani. Kikao kinakaa sebuleni, michango inapita kwenye simu, na mjomba anayesifika kwa kujuana na watu anakabidhiwa bahasha. Wanaamini kwamba mtu hatoki mahabusu mpaka hela itoke mfukoni, na atakayetoa nyingi ndiye atakayetoka mapema.

Si kweli, na wanaoliamini hilo ndio wanaoligharamia.

Tuanzie kituoni. Dhamana ya polisi Tanzania haina ada. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kwa makosa yanayodhaminika polisi wana mamlaka ya kumwachia kwa dhamana papo hapo kituoni. Kinachotakiwa ni mdhamini wa kuaminika: mwenye kitambulisho, makazi yanayojulikana na, mara nyingi, barua ya serikali ya mtaa. Viongozi wa polisi wenyewe wamelitangaza hili mara nyingi, kwamba dhamana ni haki na ni bure.

Kinachowachanganya watu ni tarakimu. Hakimu akisema mshtakiwa awe na wadhamini wawili watakaosaini bondi ya shilingi milioni 5 kila mmoja, ndugu waliokaa kwenye benchi wanaishiwa nguvu. Milioni 10 zitatoka wapi? Hazitoki popote. Bondi hiyo ni ahadi ya maandishi: mdhamini anajifunga kulipa iwapo mshtakiwa atatoroka. Mshtakiwa akihudhuria kesi hadi mwisho, mdhamini hatoi hata senti. Wasiolijua hilo wanakimbilia mikopo ya riba, na huko nje hawakosekani vishoka wanaofahamu vizuri kwamba hofu ya tarakimu ina soko. Watu hao hujitolea, kwa malipo, kumdhamini mtu ambaye hawajawahi kumtia machoni. Huku nyumbani, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi nyumba ya tatu, mwenye kitambulisho cha kazi na barua ya mwajiri, hajaulizwa na yeyote.

Watetezi wa bahasha watasema hizo ni habari za vitabuni, kaunta ni kaunta. Ni kweli wapo askari wanaodai hela ya mafuta, ya karatasi, ya soda, na wapo wanaojibu kwamba mpelelezi katoka mpaka kitu kionekane. Lakini bahasha inanunua nini hasa? Haina risiti wala haiingii kwenye jalada. Jalada linabaki wazi vilevile, na aliyemalizana na askari wa zamu leo anaweza kuitwa wiki ijayo na mpelelezi ambaye hakuonja kitu. Ndugu angefika na mdhamini mwenye karatasi zake, akauliza kosa ni lipi, mtu alishikwa saa ngapi na anapelekwa mahakama ipi, angekuwa na la kusimamia hata akilazimika kupiga namba 113 ya TAKUKURU, ambayo ni bure. Wala si hela kila mara: wakati mwingine kinachomlaza mtu ndani hadi Jumatatu ni ile barua ya mdhamini tu, kwa kuwa ofisi ya mtendaji wa mtaa imefungwa Jumamosi.

Kwa majirani zetu Kenya pesa inaingia kihalali kupitia dhamana ya fedha taslimu, lakini ina risiti na hurudishwa mshtakiwa akitimiza masharti. Ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010 inakataza pia kumweka rumande mtu kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. (Hakimu anayempangia muuza mitumba kiwango ambacho hawezi kukigusa naye ana lawama yake.) Biashara ya dhamana iliyo wazi kabisa iko Marekani: kampuni inamdhamini mtuhumiwa, yeye anaiachia kwa kawaida asilimia 10, na hiyo hairudi. Huko nako wameanza kuichoka. Jimbo la Illinois lilifuta dhamana ya fedha Septemba 2023.

Na hapa nyumbani Tanzania, pale ambapo fedha ingetegemewa kufanya maajabu, imeshindwa hadharani. Kampuni ya mfanyabiashara James Rugemalira ililipwa dola milioni 75 kwa hisa zake za kampuni ya kufua umeme ya IPTL katika sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta. Juni 2017 alifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya uhujumu uchumi, utakatishaji fedha ukiwemo, na utakatishaji hauna dhamana. Alitoka Septemba 2021, baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kumfutia kesi. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, naye akikabiliwa na utakatishaji, alikuwa ndani kuanzia Julai 2019 hadi Februari 2020. Mama yake alifariki kabla hajatoka.

Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kinachonyima dhamana kwa makosa kama utakatishaji kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Wa kukibadili ni Bunge, lakini ni nadra kusikia ukoo uliochangishana kwa ajili ya kaunta ukimwuliza mbunge wake habari za kifungu hicho, ingawa ndicho kinachoweza kumweka kijana wao ndani miaka minne bila hukumu.