SINEMA YA MWEZI: Papa wa "Jaws" na Mamba wa Kwetu

Mwezi huu tumechagua sinema ya zamani kidogo, lakini bado inatembea kwenye simu na vibanda vya video kama vile ilitoka jana. Inaitwa "Jaws", maana yake taya. Imetoka Marekani mwaka 1975 na mwongozaji wake ni Steven Spielberg. Mwaka mmoja kabla yake kilitoka kitabu cha jina hilohilo, riwaya ya Peter Benchley, ambayo ilinunuliwa na watu wengi sana.

Tumeichagua kwa sababu wazazi wanatuuliza swali moja kila mara: je, hizi sinema za kutisha zina faida gani kwa watu kama sisi, ambao hofu tumeshaiona kwa macho? Swali ni zuri. Basi tukaiangalia mara mbili, safari ya kwanza Jinja, safari ya pili Mbale, tupate kuihukumu kwa haki.

HADITHI YENYEWE

Kuna mji mdogo kwenye kisiwa, unaitwa Amity. Watu wake wanaishi kwa pesa za wageni wanaokuja kuogelea wakati wa joto. Usiku mmoja msichana anaingia baharini na harudi. Ameliwa na papa. Kwa wale ambao hawajawahi kufika pwani, papa ni samaki mkubwa wa baharini, meno yake kama msumeno.

Mkuu wa polisi, Brody, anataka kufunga ufukwe. Meya anakataa. Anasema ukisema neno "papa" wageni watakimbia, na mji utalala njaa. Brody ananyamaza. Siku chache baadaye mtoto mwanaume analiwa mchana kweupe, mama yake akiwa amekaa palepale mchangani. Mwishowe Brody, mtaalamu wa samaki jina lake Hooper, na mvuvi mzee Quint wanaingia kwenye mashua kwenda kumtafuta yule mnyama. Yanayotokea huko hatuyasemi, tusiwaharibie.

YALIYOTUPENDEZA

La kwanza, papa mwenyewe haonekani. Inapita zaidi ya saa moja kabla hujamwona vizuri. Unaona maji tu, unasikia muziki wa John Williams, noti mbili zinazorudiarudia, du-du, du-du, na roho inaanza kwenda mbio. Siri yake ni kwamba papa huyo alikuwa mashine, na mashine ikiingia kwenye maji ya chumvi ilikuwa inaharibika kila siku. Kazi iliyopangwa kwa siku 55 ilichukua siku 159. Spielberg, kijana ambaye hata miaka 30 hakuwa amefikisha, akaona: kama papa hafanyi kazi, tutamficha. Na hapo ndipo sinema ilipopata nguvu. Kitu usichokiona kinatisha kuliko unachokiona. Sisi tuliowahi kulala porini usiku tunasikiliza nyasi, hilo hatuhitaji kufundishwa.

La pili ni yule mama. Baada ya mazishi ya mtoto wake, amevaa nguo nyeusi, anamfuata Brody na kumpiga kofi mbele ya watu. Amegundua kwamba Brody alijua kuna hatari akawaacha watu waogelee. Brody hajibu kitu. Meya anajaribu kumtetea, lakini Brody mwenyewe anasema mama huyo hajakosea. Pale Jinja kibanda kizima kilinyamaza, hata wale vijana waliokuwa wanapiga kelele nyuma. Halafu nyumbani, Brody amekaa mezani amechoka, mtoto wake mdogo anaanza kumwiga, baba akikunja mikono na yeye anakunja. Dakika moja tu, bila damu. Kwetu sisi hiyo ndiyo sehemu bora ya sinema nzima.

JINJA NA MBALE

Jinja tuliiangalia kwa tafsiri ya vijei, wale watafsiri wanaosema juu ya sauti ya sinema kwa Kiganda, kazi ambayo kina VJ Jingo wameipatia jina nchi nzima. Vijei wetu hakuhangaika kueleza papa ni nini. Alimwita ggoonya, yaani mamba, basi kila mtu akaelewa. Watu wa Jinja wanaishi kwenye ziwa na mto Nile, habari ya mnyama anayetoka majini si hadithi kwao. Walikuwa wanampigia Brody kelele: toa watoto, toa watoto!

Mbale tuliiangalia kwa familia moja rafiki, kwenye kompyuta, bila vijei, baba mwenye nyumba akitueleza kwa Kiswahili. Mbale iko mbali na ziwa. Pale papa hakuwashtua sana. Aliyewakasirisha ni meya. Mzee mmoja alisema, "Huyu tunamjua, anaambiwa mlima utaanguka na yeye anahesabu mapato." Kwa kweli hatukushangaa. Machi 2010 udongo wa mlima Elgon ulifunika kijiji cha Nametsi kule Bududa, na watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Baadhi ya waliopona walihamishiwa Kiryandongo, ambako na wakimbizi pia wanaishi. Oktoba 2018 Bududa ikapigwa tena. Na mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilijaa ikaingia Mbale mjini na kuua watu.

KITABU NA SINEMA

Je, sinema imeshinda kitabu? Kwa familia, ndiyo. Kwenye kitabu mke wa Brody anatoka nje na Hooper, na watu wote watatu wa mashuani wanachukiana. Spielberg aliyatoa hayo, na alifanya vizuri. Wanaume watatu wasiofanana wanajifunza kuaminiana kwenye mashua moja, hiyo inatufaa zaidi.

Lakini kuna kitu kitabu kimekiona vizuri kuliko sinema. Ndani ya kitabu meya amebanwa na watu wabaya wanaomdai, na wenye maduka kweli wanaogopa njaa. Kwenye sinema meya amebaki kama mtu wa kuchekwa tu, na koti lake lenye nanga nyingi. Maisha si rahisi hivyo. Waliorudi kulima kahawa kule Bududa hawakurudi kwa upumbavu, walirudi kwa sababu shamba ndilo linalolisha watoto. Hatari ikikutana na njaa, mtu anachagua ile ya mbali. Sinema ingetuonyesha hilo zaidi, tungeipa alama zote.

JE, NI KWELI?

Watoto wasiogope: papa wa aina hiyo hawako ziwa Viktoria wala Nile. Hata huko baharini, dunia nzima, wanaouawa na papa kwa mwaka kwa kawaida ni wachache, karibu kumi au chini yake. Benchley mwenyewe baadaye alisikitika kwamba hadithi yake iliwafanya watu wawachukie na kuwaua papa ovyo. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufa mwaka 2006, aliitumia kuwatetea.

Mamba ni habari nyingine. Ukitoka Jinja kwenda Tororo unapita Bugiri. Upande huo, kwenye kijiji cha Luganga kando ya ziwa, palikuwa na mamba waliyempa jina Osama, urefu wake karibu mita tano. Wanakijiji walihesabu kwamba amekula watu zaidi ya 80 kwa miaka mingi, wengine wakichota maji, wengine wakivua. Mwaka 2005 alikamatwa akiwa hai, akapelekwa kwenye shamba la mamba la Buwama. Ndugu zetu wa Burundi na Uvira nao wanamjua Gustave, mamba wa Ruzizi na Tanganyika, ambaye naye alitengenezewa sinema ya Marekani mwaka 2007, "Primeval".

Ila tuseme ukweli wote. Maji yametuua sisi wakimbizi bila meno yoyote. Machi 2014 boti iliyojaa kupita kiasi ilizama ziwa Albert, imebeba Wakongo waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka Uganda, wakafa zaidi ya 100. Hakuna papa, hakuna mamba. Ni boti nzito na watu wasio na jaketi za kuelea.

WATOTO WAANGALIE?

Chini ya miaka 12, hapana. Kuna mguu unaozama, kuna damu, na mtu mmoja anakufa vibaya sana mwishoni. Mtoto aliyewahi kuona kifo kwa macho yake asilazimishwe kabisa, hata akiwa na miaka 16. Akisema sitaki, mwacheni, msimcheke.

Wakubwa kidogo waangalie, lakini si usiku kabla ya kulala na si peke yao kwenye simu. Mama au baba akae karibu. Simamisheni sinema pale kwenye lile kofi, muulizane: nani alijua? Kwa nini hakusema? Wewe ungesema? Na kesho yake mtoto akikataa kwenda kuchota maji, msimwite mwoga. Nendeni naye, mwonyesheni mahali salama. Chota mahali palipo wazi, usiingie ndani ya maji, usiende alfajiri wala jioni peke yako, na wakisema mamba ameonekana, ambia jirani hata kama hujamwona mwenyewe.

HUKUMU YETU

Tunaipa alama nane kwa kumi. Moja tumetoa kwa ajili ya meya wa kuchekesha, nyingine kwa sababu papa akitoka nje kabisa anaonekana mpira. Hizo nane ni za maji matupu yanayotisha, za baba na mtoto mezani, na za yule mama aliyethubutu kumwambia mkubwa ukweli usoni.

Na sasa kazi yenu. Je, kwenu kulikuwa na mnyama wa majini ambaye wazee walikuwa wanamsimulia? Mwandikieni bibi au babu maneno yake, mtuletee kabla ya mwisho wa mwezi. Tutachapa tatu zilizo nzuri.

Mbaki salama, na tuonane mwezi ujao.