Mlitoka Wanne, Mkala Watatu



Walimu wetu chuoni walikuwa wakitukumbusha kwamba neno safari lina nasaba na neno la Kiarabu lenye maana ya kufichua, kwa kuwa safari hufichua tabia za watu. Tuliyaandika hayo madaftarini na mtihani tukafaulu. Maana yake tulikuja kufundishwa miaka mingi baadaye katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa siku moja tu.

Tulikuwa marafiki wanne, wote wa chuo kimoja. Tulivuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, tukikusudia kutembea mchana kutwa, kula Forodhani jioni, kisha kulala kwa shangazi wa mmoja wetu kule Ng'ambo. Mpango uliandaliwa na sisi tunaoandika safu hii, kwani ukatibu hautuachi hata mapumzikoni. Tuliandika saa na mahali pa kila jambo. Kuhusu fedha tuliandika maneno matatu: kila mtu ajigharimie.

Tulianzia Malindi, karibu na bandari, kuutazama msikiti wa kale wenye mnara wa umbo la pia. Tukapita mbele ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tukasimama Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Pale kila mmoja alinyamaza. Kisha tukafika Hamamni, kwenye hamamu za umma alizozijenga huyohuyo Sayyid Barghash.

Mlangoni palikuwa na kiingilio. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa madrasa, hakuingia. Alisema mguu unamuuma, akaketi kwenye baraza ya nyumba ya jirani. Wajenzi wa mji ule waliweka baraza za mawe nje ya nyumba zao, na mpita njia huketi bila kuulizwa ana nini mfukoni.

Mchana tuliagiza biriani. Yeye akaomba chai, akasema tumbo limejaa. Jioni tulifika Forodhani. Wachomaji walikuwa wamekwisha kupanga mishkaki na pweza, mashine za miwa zikinguruma, na urojo ukitolewa wa moto. Tulizunguka meza hadi meza. Yeye alinunua kipande cha muhogo. Mmoja wetu akamtania, "Ustadh, pesa hizo utazikwa nazo?" Tukacheka. Naye akacheka pamoja nasi.

Tulipofika nyumbani, shangazi alikuwa ametuwekea wali na mchuzi wa samaki. Sisi watatu tuliomba radhi kwa shibe. Ustadh alikula sahani ya kwanza, akaongezewa ya pili, akaimaliza. Alipotoka kwenda kutawadha, bibi yule alitutazama mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, mlitoka wanne, mkala watatu."

Hatukuwa na jibu. Alfajiri, baada ya swala, tulimwomba mwenzetu msamaha, ndipo akatueleza. Ujira wake hutegemea ada za wazazi, na kwa miezi miwili hakupata kitu. Nauli ya boti aliikopa, kwa kuwa hakutaka tukutane bila yeye. Ametupa idhini ya kuyaandika haya pasipo kumtaja.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini hakusema? Qur'ani, katika Suratul Baqarah aya ya 273, inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Aya hiyo tuliihifadhi zamani. Aliyesadikisha sifa yake tulikuwa naye siku nzima, nasi tukamdhania ubakhili.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ashariyyina kwa sababu chakula kilipowapungukia, walikusanya vyote walivyo navyo katika nguo moja, wakagawana sawasawa, naye akasema kuwa wao ni wake naye ni wao. Hapo hapakuwa na aliyelazimika kutangaza uhaba wake, kwa kuwa nguo ilikuwa moja.

Tangu siku ile tumebadili utaratibu wetu, nasi tunawausia wenye kupanga matembezi ya marafiki, ya jamaa au ya madrasa wafanye hivyo. Kwanza, gharama ipimwe kwa mwenye uwezo mdogo zaidi, naye aulizwe faraghani kabla ya siku kutangazwa. Pili, fedha zote ziwekwe katika mfuko mmoja, kila mtu atie kwa siri kadiri ya uwezo wake, na mfuko ashike mtu mmoja mwaminifu. Tatu, chakula kiagizwe kwa pamoja na kiliwe katika sinia moja.

Na wazazi wenzetu, ada ya madrasa ikichelewa, kuna mtu anayekunywa chai mahali pa chakula cha mchana. Tuilipe kabla ya juma hili kwisha.

Inshaallah mwezi ujao tutavuka tena, wanne. Kiasi cha mchango amekipanga Ustadh.

Wabillahi tawfiq.